Mashine Mbili, Kazi Moja: Historia ya Taarifa za Kwanta Toronto

Jiji la Vaughan limepakana na Toronto kwa upande wa kaskazini, na mpaka wa majiji hayo mawili ni barabara ya Steeles, ambayo kusini yake pana kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha York. Tangu tarehe 17 Desemba 2017, ilipozinduliwa sehemu mpya ya reli ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 8.6 na vituo sita, msafiri anayepanda treni katikati ya Vaughan hupita kwanza katika chuo hicho, kisha, bila kubadilisha treni, hufika kwenye vituo vya St George na Queen's Park vilivyo kando ya Chuo Kikuu cha Toronto. Katika Vaughan hiyohiyo, kwenye barabara ya Bathurst, ndipo penye kituo cha jumuiya ya Khoja Shia Ithnaashari, ambayo familia zake nyingi zilihamia Kanada kutoka Uganda, Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, hususan katika miaka ya 1970. Kwa hiyo historia ya sayansi inayosimuliwa hapa imetokea jirani kabisa na watu wenye asili ya Afrika Mashariki, na inastahili kuelezwa kwa Kiswahili.

Kiini cha historia hiyo ni Kituo cha Taarifa za Kwanta na Udhibiti wa Kwanta cha Chuo Kikuu cha Toronto, ambacho huwaunganisha watafiti wa fizikia, kemia, hisabati, sayansi ya kompyuta na uhandisi wa umeme. Kwanta ni jina la tawi la fizikia linalochunguza mwenendo wa vitu vidogo mno, kama vile elektroni, atomu moja moja, na fotoni, yaani chembe za mwanga. Kompyuta ya kawaida huhifadhi taarifa kwa biti, ambayo huwa ama sifuri ama moja, ilhali kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti, ambayo kabla ya kupimwa huweza kuwa katika mchanganyiko wa hali hizo mbili, na ambayo huweza kufungamana na kyubiti nyingine kiasi kwamba hali ya moja haielezeki bila kuitaja ya pili. Teknolojia mseto ni ile inayozitumikisha mashine za aina zote mbili katika kazi moja. Mkabala huo huonekana kuwa mpya, lakini Toronto iliufikia kwa sababu mapokeo mawili ya muda mrefu, ya fizikia ya baridi na mwanga kwa upande mmoja na ya ukokotoaji kwa upande mwingine, yalikuzwa ndani ya chuo kimoja kwa miongo mingi kabla ya kukutana.

Mapokeo ya kwanza yalianza na John Cunningham McLennan, mkuu wa idara ya fizikia, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipewa kazi ya kutafuta heliamu katika gesi asilia ya Kanada, kwa kuwa heliamu haishiki moto na ilihitajika kujazia vyombo vya angani vya kijeshi. Vita vilipokwisha, McLennan aliyaelekeza maarifa na mitambo hiyo kwenye swali la kisayansi, na mwezi Januari 1923 maabara yake ilifanikiwa kuigeuza heliamu kuwa kimiminika, jambo linalohitaji baridi ya takriban nyuzi 269 za selsiasi chini ya sifuri. Kabla ya hapo ni maabara moja tu duniani, ile ya Heike Kamerlingh Onnes mjini Leiden, Uholanzi, iliyokuwa imefaulu kufanya hivyo, mwaka 1908. Wawili kati ya wanafizikia waliofundishwa Toronto, John Allen na Donald Misener, walihamia baadaye Cambridge, Uingereza, na huko mwaka 1937 wakagundua, sambamba na Pyotr Kapitza wa Moscow, kwamba heliamu iliyopozwa zaidi hutiririka bila msuguano wowote, tabia isiyoelezeka ila kwa kanuni za kwanta. Baridi ya namna hiyo ni msingi wa kazi nyingi za leo, kwani aina kadhaa za kompyuta za kwanta haziwezi kufanya kazi pasipo heliamu kimiminika au mitambo inayotokana na ufundi wake.

Sambamba na baridi, mwanga nao ulipata wataalamu. Arthur Schawlow, aliyepata shahada yake ya uzamivu Toronto mwaka 1949, alichapisha pamoja na Charles Townes mwaka 1958 makala iliyoeleza namna ya kutengeneza leza, yaani chombo kinachotoa mwanga ambao mawimbi yake yote huenda kwa mpangilio mmoja, na mwaka 1981 akawa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka 1986 mwanakemia Paul Brumer wa Toronto na mwenzake Moshe Shapiro walionyesha kinadharia kwamba mpangilio huo wa mawimbi ya leza unaweza kutumiwa kuchagua njia ambayo molekuli itaifuata inapovunjika au kuungana. Huo ndio udhibiti wa kwanta, na ndiyo sababu neno udhibiti likawa sehemu ya jina la kituo.

Mapokeo ya pili, ya ukokotoaji, yalikita mizizi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 chuo kilianzisha kituo cha ukokotoaji, na wahandisi wake, akiwamo Josef Kates, wakaanza kuunda kompyuta ya majaribio iliyoitwa UTEC. Kabla mashine hiyo haijapanuliwa, ilipatikana fursa ya kununua kompyuta iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti ya Uingereza, ambayo mteja wake wa awali alikuwa ameiacha, na hivyo mwaka 1952 ikafika Toronto mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa kuuzwa duniani. Aliyeipa jina la FERUT ni Beatrice Worsley, mwanamke aliyehitimu uzamivu Cambridge mwaka huohuo wa 1952 kwa utafiti juu ya mashine za kukokotoa, na ambaye pamoja na Patterson Hume alitunga mwaka 1954 mfumo wa Transcode, uliowawezesha watu wasiokuwa mabingwa kuandika programu bila kuijua lugha ngumu ya mashine yenyewe.

FERUT ilitumika, miongoni mwa mambo mengine, kukokotoa vina vya maji kwa ajili ya mradi wa kuufanya Mto St Lawrence upitike na meli kubwa na kuzalisha umeme. Mwishoni mwa mwaka 1955 watafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, kilicho umbali wa zaidi ya kilomita 2,000, waliitumia kompyuta hiyo kwa kutuma maswali na kupokea majibu kupitia waya wa teleprinta. Tukio hilo lilionyesha mapema kwamba mashine adimu na ghali inaweza kuwahudumia watu walio mbali nayo, na kwamba chuo kinachoimiliki hupata manufaa zaidi kinapowafungulia wengine mlango.

Kutokana na mizizi hiyo yalichipuka mawazo mawili ambayo yaliathiri sayansi ya kompyuta kila mahali. Mwaka 1971 Stephen Cook, aliyekuwa amejiunga na chuo mwaka mmoja kabla, alithibitisha kwamba kundi kubwa la maswali ambayo majibu yake huhakikiwa kwa urahisi linaweza kurejeshwa kwenye swali moja la mantiki, kiasi kwamba atakayepata njia ya haraka ya kulitatua swali hilo atakuwa ameyatatua yote. Miaka mingi baadaye, Geoffrey Hinton, aliyehamia Toronto mwaka 1987, alionyesha pamoja na wanafunzi wake kwamba mitandao ya neva bandia inayojirekebisha kwa kupima makosa yake inaweza kutambua picha kwa usahihi mkubwa, na matokeo yao ya mwaka 2012 yakafungua zama mpya za akili mnemba. Cook aliweka bayana mipaka ya kompyuta za kawaida, naye Hinton akaonyesha jinsi mashine hizohizo zinavyoweza kujifunza, na wanakwanta wa Toronto walikuja kuhitaji mafunzo hayo yote mawili.

Makutano ya mapokeo hayo yalitokea kwenye suala la siri. Mwaka 1984 Gilles Brassard wa Montréal na Charles Bennett wa Marekani walipendekeza njia ya kugawana ufunguo wa siri kwa fotoni, wakitegemea kanuni kwamba anayepima hali ya fotoni asiyoijua huivuruga, na hivyo mdukuzi huacha alama. Mwaka 1994 Peter Shor wa Marekani alithibitisha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza kuvunja siri nyingi zinazolindwa kwa hisabati ya kawaida, na tangu hapo usalama wa mawasiliano ukawa suala la kila serikali na kila benki. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, Toronto ilimpata Hoi-Kwong Lo, ambaye mwaka 1999 alikuwa amechapisha pamoja na H. F. Chau uthibitisho muhimu wa usalama wa njia hiyo ya fotoni. Akiwa na wanafizikia kama Aephraim Steinberg na Daniel James, pamoja na Brumer kwa upande wa kemia, alikuwa miongoni mwa waliokipa uhai kituo kipya, kilichokuwa kikiandaa mikutano yake ya kimataifa kwa ushirikiano na Taasisi ya Fields ya hisabati.

Kazi ya kundi la Lo inaonyesha kwa uwazi maana ya mseto. Uthibitisho wa awali ulichukulia kwamba mtumaji hutoa fotoni moja kwa kila ishara, lakini leza za kawaida mara nyingine hutoa mbili au zaidi, na mdukuzi angeweza kuiba moja na kuiachia nyingine ipite. Kwa kuendeleza wazo lililotolewa na Won-Young Hwang mwaka 2003, Lo, Xiongfeng Ma na Kai Chen walionyesha mwaka 2005 kwamba mtumaji anaweza kuchanganya ishara za kweli na ishara za mtego zenye nguvu tofauti, kisha, baada ya zote kupokewa, akatangaza kwa njia ya kawaida zipi zilikuwa za mtego. Pande mbili hutumia takwimu kugundua iwapo mtu amezichezea, na kompyuta za kawaida hurekebisha makosa na kufupisha ufunguo mpaka sehemu yoyote iliyovuja ikose maana. Mwaka 2006 kundi la Toronto lilitekeleza mbinu hiyo kwa majaribio katika waya wa mkongo wenye urefu wa kilomita 15. Mwaka 2008 watafiti hao walionyesha pia kwamba mfumo uliokuwa tayari sokoni unaweza kudukuliwa kupitia udhaifu wa vipokezi vyake, na mwaka 2012 Lo, Marcos Curty na Bing Qi wakaeleza utaratibu ambao usalama wake hautegemei vipokezi hata kidogo. Maabara iliyokuwa na uaminifu wa kuzitangaza kasoro za fani yake ndiyo iliyopata dawa yake.

Kituo kilijenga pia desturi ya kuwatambua wengine. Kuanzia mwaka 2009 kimekuwa kikitoa tuzo yenye jina la John Stewart Bell, mwanafizikia wa Ireland ya Kaskazini aliyebuni kipimo cha kubaini kama kufungamana kwa chembe ni kwa kweli, na mshindi wa kwanza alikuwa Nicolas Gisin wa Geneva. Mwaka 2017 ilipewa Ronald Hanson, Sae-Woo Nam na Anton Zeilinger, ambao makundi yao yalikuwa yameziba mianya ya majaribio ya awali, na miaka mitano baadaye Zeilinger akashiriki Tuzo ya Nobel.

Kwa upande wa ukokotoaji, mseto ulipata mfano wake maarufu mwaka 2014, wakati Alán Aspuru-Guzik, aliyekuwa Harvard, na wenzake walipochapisha algoriti ya kutafuta nishati ya chini kabisa ya molekuli. Kifaa cha kwanta huunda hali inayokadiria molekuli na kuipima, kisha kompyuta ya kawaida huyachambua matokeo na kuagiza marekebisho, na mzunguko huo hurudiwa tena na tena, kama fundi anayezungusha kitufe cha redio huku akisikiliza iwapo sauti imekaribia. Sababu ya mgawanyo huo ni udhaifu wa vifaa vilivyopo, ambavyo hupoteza hali ya kwanta haraka na hivyo hupewa sehemu fupi ya kazi ambayo ni ngumu kwa kompyuta za kawaida. Aspuru-Guzik alihamia Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 2018. Mwaka huohuo kampuni ya Xanadu, iliyoanzishwa jijini mwaka 2016 na Christian Weedbrook, ilitoa programu huria ya PennyLane, ambayo huzirekebisha saketi za kwanta kwa mbinu za mitandao inayojifunza, zile ambazo Hinton alichangia kuzikuza. Mwaka 2022 Xanadu ilitangaza Borealis, mashine ya fotoni iliyoruhusu watu wa nchi mbalimbali kuitumia kupitia intaneti, kama FERUT ilivyokuwa imewahudumia watafiti wa Saskatchewan kwa teleprinta.

Kazi hizo zote hutegemea ustadi wa kushika chembe ndogo kwa usahihi, na ustadi huo umekua pia mpakani mwa Vaughan. Chuo Kikuu cha York, ambacho kilipoanza kufundisha mwaka 1960 kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Toronto, kilichapisha mwaka 2019, kupitia kundi la Eric Hessels, kipimo kipya cha ukubwa wa protoni kilichopatikana kwa kuchunguza atomu za hidrojeni, na kipimo hicho kikasaidia kusuluhisha hitilafu iliyowasumbua wanafizikia kwa takriban muongo mzima. Mwezi Januari 2023 serikali ya Kanada ilizindua mkakati wa kitaifa wa kwanta uliotengewa dola milioni 360, na fedha hizo zilikuta watu, maabara na mazoea ya ushirikiano vikiwa tayari.

Kwa nchi za Afrika Mashariki, historia hii ina somo la wazi. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha kwa ajili ya hesabu za serikali, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku baada ya matatizo ya matumizi yake, ilhali Toronto ilikuwa imeiweka mashine yake mikononi mwa walimu na wanafunzi waliokuwa huru kuiuliza maswali yasiyo na faida ya papo kwa papo. Leo mlango uko wazi zaidi, kwani programu kama PennyLane hazilipiwi, na mwaka 2019 ushirikiano kati ya IBM na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini ulikusudiwa kuvifikia pia vyuo vya muungano wa utafiti ambao Dar es Salaam, Makerere na Nairobi ni wanachama wake. Kinachohitajika sasa ni vyuo hivyo kuwaketisha wanafizikia, wanahisabati na wahandisi wao katika kituo kimoja, kuwalipa kwa miaka mingi bila kuwadai matunda ya haraka, na kuwafundisha wanafunzi kompyuta ya kawaida na ya kwanta kwa pamoja, kwa sababu hivyo ndivyo Toronto ilivyofika ilipo.