Roketi unapewa, ujuzi unajifunza

Wiki hii nimekabidhiwa programu ya stoo hapa Malindi, ile ya kununuliwa ikiwa tayari. Aliyeifunga kwenye kompyuta ameondoka, wala hakuacha hata daftari. Nikakumbuka San Marco, yale majukwaa ya chuma yaliyo baharini pale Ngomeni.

Waitaliano hawakuunda roketi yao wenyewe. Walitumia Scout ya Marekani, yenye vipande vinne. Lakini kwanza mafundi wao walikwenda kujifunza Wallops, Virginia, na tarehe 15 Desemba 1964 wakarusha huko satelaiti yao, San Marco 1. Ndipo mwaka 1967 wakarusha ya pili kutoka Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 ikafuata Uhuru ya NASA, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ilirushwa siku ya Jamhuri yetu.

Kisha, baada ya Mei 1975, hakuna satelaiti iliyorushwa pale hadi Machi 1988. Karibu miaka 13! Ni nani atakumbuka kila waya kwa kichwa tu?

Basi nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza: programu ikigoma, anza hapa.