Maji ya moto nyumbani: Joto gani ni salama?

Mwaka 1988, ugonjwa wa Legionnaires ulizuka katika jengo la Broadcasting House, katikati ya London, na kusababisha vifo. Chanzo kilikuwa maji ya mtambo wa kupozea hewa. Lakini bakteria wanaousababisha, Legionella, huweza kuishi pia katika tangi la maji ya moto nyumbani.

Bakteria hao huzaliana katika maji yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 za Selisiasi, hasa maji yaliyotuama. Mtu huambukizwa anapovuta hewa yenye matone madogo mno ya maji hayo, kwa mfano akioga kwa bomba la mvua, na huweza kupata nimonia kali. Wazee na wavutaji sigara wamo hatarini zaidi.

Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza inashauri maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi zisizopungua 60. Anayepunguza joto la tangi ili kuokoa gharama huenda akawapa bakteria makazi.

Hata hivyo, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Ndiyo maana, tangu mwaka 2010, kanuni za ujenzi za England zinataka maji yanayoingia katika hodhi la kuogea la nyumba mpya yasizidi nyuzi 48. Kazi hiyo hufanywa na vali inayochanganya maji ya moto na baridi karibu na bomba. Tangi lenyewe hubaki na joto lake.

Familia inayorejea London baada ya likizo ndefu Afrika Mashariki inashauriwa kwanza kupasha maji ya tangi hadi nyuzi 60, kisha kuyaacha mabomba yote yatiririke kwa dakika kadhaa, bila kurusha matone, kabla ya mtu yeyote kuoga.