Ardhi ya wote, nyumba ya mwenyewe

Msikilizaji, mjini Voi kuna mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Jina lisikuchanganye, ni Kenya hii hii. Kwa miaka mingi wakaazi wake walijenga nyumba za udongo juu ya ardhi isiyo yao. Sehemu ilikuwa ya reli, sehemu ya shamba la mkonge. Walilala wakijua kuwa siku yoyote wangeweza kuambiwa wabomoe waondoke.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Wajerumani, ilianza kuutengeneza mtaa huo. Njia tuliyoizoea ni kupima ploti na kumpa kila mtu hati yake. Lakini mwisho wake tunaujua. Barabara ikichongwa na bomba likifika, bei ya ploti hupanda. Tajiri huja na noti zake. Mwenye mgonjwa au mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo huuza, kisha huenda kujenga kibanda kingine, mtaa mwingine.

Watu wa Bondeni walielezwa njia mbalimbali, wakachagua udhamini wa jumuiya. Ardhi ingeshikwa na wadhamini kwa niaba ya wote, wala isingeuzwa. Nyumba ingebaki mali ya aliyeijenga. Anayehama angeuza nyumba, si ardhi iliyo chini yake.

Mfumo huo haukuzaliwa Voi. Uliasisiwa mwaka 1969 katika jimbo la Georgia, Marekani, na Waamerika weusi waliokuwa wakipigania haki zao. Walipata zaidi ya ekari 5,000. Hata hivyo ukame na madeni viliwakaba, wakanyimwa mikopo ya dharura kwa ubaguzi, na mwaka 1985 shamba likawaponyoka. Serikali ya Marekani iliamriwa kuwalipa fidia mwaka 2009.

Voi nako mambo hayakuwa mteremko. Kenya haikuwa na sheria ya udhamini wa namna hiyo, ikabidi kuunganisha chama cha wakaazi na bodi ya wadhamini. Makaratasi yakachukua miaka. Wengine wakachoka, wakataka hati zao binafsi.

Siwalaumu. Hati humkinga maskini na tingatinga la serikali. Lakini haimkingi na shida yake mwenyewe siku mnunuzi anapobisha hodi. Hilo ndilo swali waliloliona watu wa Bondeni, na miji yetu bado haijalijibu.