Walihesabu Farasi Walioanguka

Kila mvua zinapokatika kilio ni kile kile: barabara ya juzi imekwisha kuwa mashimo. Tunamlaumu mkandarasi, na mara nyingi anastahili. Lakini lipo swali linalomtangulia mkandarasi. Nani aliamua barabara ile itandikwe kitu gani, na alipoamua alikuwa anaangalia nini?

Leo tuliulize London ya karne ya 19, jiji lililokuwa na magari ya farasi kama sisi tulivyo na daladala. Bwana McAdam alikuwa amewafundisha Waingereza kutandaza kokoto ndogo zinazojishindilia kwa uzito wa magari. Kwa njia za mashamba ilifaa sana. Katikati ya mji ilikuwa vumbi siku za jua na tope siku za mvua. Mawe ya matale yalidumu miaka mingi, ila kelele za magurudumu ya chuma juu yake zilimfanya mwenye duka apige kelele ndipo mteja amsikie.

Mwaka 1839 wakuu wa parokia ya Marylebone walifanya jambo la busara. Walikata kipande cha Oxford Street mafungu mafungu, wakatandika matale hapa, lami za namna mbalimbali pale, na vipande vya mbao kwingine, kisha wakatazama. Mbao zikapendwa. Usishangae: zilipangwa wima kama matofali, nazo zilikuwa kimya.

Mwaka 1869 ikaja lami ya mwamba kutoka Val de Travers, Uswisi, ikatandikwa Threadneedle Street, mtaa wa mabenki. Laini, haina kelele, inaoshwa kwa maji ikatakata. Wenye farasi wakaja juu: wanyama wao wanateleza!

Hapo ndipo William Haywood, mhandisi wa Jiji, alipoacha maneno ya wauzaji akaanza kuhesabu. Mwaka 1873 vijana wake walisimama mitaani wakiandika kila farasi aliyeanguka. Kwa wastani, farasi alikwenda maili 132 juu ya matale kabla ya kuanguka, maili 191 juu ya lami, na maili 330 juu ya mbao. Hali ya hewa nayo ilikuwa na lake. Matale makavu yalimwangusha farasi kila maili 78, lakini yakilowa kabisa alikwenda maili 537. Lami ilikuwa mbaya zaidi ikiwa na unyevunyevu tu, maili 125.

Kwa hesabu hiyo ungedhani mbao zilishinda. La. Mbao zilioza, zikanywa mkojo wa farasi, zikanuka. Lami iliendelea kutandikwa katika mitaa mingi ya Jiji, ikimwagiwa mchanga ilipoteleza. Mitaa mingine ya London ilibaki na mbao hadi karne ya 20, nyingine zikiagizwa kwa meli kutoka Australia. Zilipong'olewa, watu walizigombania kwa kuni.

Mimi siwalaumu waliochagua lami. Usafi wa mji ni afya. Ila tazama nani alilipa nini. Bei ya kutandika na kufagia ilitoka mfuko wa baraza. Farasi akivunjika mguu, hasara ilikuwa ya mwenye farasi, wala haikuandikwa katika vitabu vya baraza. Haywood aliiandika, angalau.

Na sisi je? Basi zito likisimama na kuondoka mahali pale pale kutwa, lami iliyolainishwa na jua husukumwa ikajikunja. Ndiyo maana njia za mabasi yaendayo haraka za Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, zilijengwa kwa zege. Zege ni ghali siku ya kwanza, lakini haijikunji kwa joto.

Kituo ninachoteremka mimi ni cha lami, na imefanya mawimbi kama ufukweni. Mkabala wake yupo fundi wa magari. Aliniambia kazi yake kubwa ni springi na shokapu. Nikamwuliza kama mtu wa halmashauri amewahi kuja kumwuliza ni ngapi kwa wiki. Alicheka, akarudi chini ya gari.