Waya Ulipita, Bili Ikabaki

Mwaka 1926, mwanahisabati Otakar Borůvka wa Brno, katika iliyokuwa Czechoslovakia, alichapisha jibu la swali aliloletewa na rafiki yake, mfanyakazi wa kampuni ya umeme ya Moravia Magharibi. Miji kadhaa inasubiri umeme: nyaya zipite wapi ili yote iupate kwa gharama ndogo kabisa? Borůvka alisema kila mji uungwe na jirani wa gharama nafuu kuliko wote. Makundi yatakayotokea nayo yaungane vivyo hivyo, mpaka mtandao uwe mmoja.

Nani alipe ngapi? Hilo hakuulizwa.

Karibu miaka 50 ilipita kabla ya watafiti Claus na Kleitman kulishughulikia, mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye Bird alilipeleka kwenye nadharia ya michezo ya ushirikiano, inayochunguza kundi litagawanaje gharama bila mtu kushawishika kujitoa. Kanuni yake ni fupi: kila mmoja alipie kipande cha mwisho cha waya kinachomfikia kutoka upande wa chanzo cha umeme.

Tuchukue vijiji viwili. Cha kwanza kikivuta umeme peke yake kitatumia milioni 10, cha pili milioni 11. Waya kati yao ni milioni 2, kwa hiyo vikiungana jumla ni milioni 12. Kwa kanuni ya Bird, cha kwanza kitalipa milioni 10 na cha pili milioni 2. Hakuna kitakachopata nafuu kwa kujitenga. Lakini mwenyekiti wa kijiji cha kwanza atawaambia nini wanakijiji wake? Ushirika haukuwapunguzia hata senti, na jirani anapitia mgongoni mwao.

Lloyd Shapley alikuwa ametoa kipimo kingine tangu 1953: wapange wanachama kwa kila utaratibu wa kuingia, uone kila mmoja anaongeza gharama kiasi gani, kisha utafute wastani. Hapa kijiji cha kwanza kinalipa milioni 5.5, cha pili 6.5, milioni 9 zilizookolewa zimegawanywa sawasawa. Mwenyekiti angekubali papo hapo.

Tatizo huanza vijiji vikiongezeka. Katika mitandao mingine, mgao wa Shapley hulitoza kundi fulani zaidi ya ambavyo lingetumia likijivutia waya wake, na kundi hilo lina kila sababu ya kuondoka. Kanuni ya Bird, pamoja na ubahili wake kwa aliye karibu na chanzo, haina kasoro hiyo: mwaka 1981 Granot na Huberman walithibitisha kwamba katika mitandao ya aina hii hakuna kundi linaloweza kufaidika kwa kuikimbia.