Unaogopa kung'oa jino? Fahamu ganzi, dawa ya kutuliza na nusukaputi

Nikipita nyumba kwa nyumba huku Mabatini, hukutana na watu wenye shavu lililovimba ambao walishaambiwa waende kung'oa jino lakini hawakwenda. Wengi hawasemi kwamba wanaogopa. Husema nauli imekosekana, au jino limetulia kidogo. Ukikaa nao ndipo wanapokwambia: niling'olewa nikiwa mtoto, niliumia sana, sirudi tena.

Kama na wewe uko hivyo, huna sababu ya kuona aibu. Lakini hofu yako mwambie mtoa huduma kabla hujakaa kwenye kiti. Kwake hiyo ni taarifa muhimu kama ilivyo presha au kisukari, na inaweza kubadilisha namna atakavyokuhudumia.

Kwa nini usisubiri

Jino lililooza likishatunga usaha halitaponeshwa na dawa za maumivu. Usaha unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukabana njia ya hewa. Nenda hospitali mara moja, hata usiku, ukiona dalili hizi:

- uvimbe unashuka shingoni au unapanda kuelekea jichoni;
- unashindwa kumeza hata mate;
- mdomo haufunguki vizuri;
- unapumua kwa shida, au una homa kali.

Njia zilizopo, kuanzia nyepesi

1. Maelezo na ishara. Mwombe daktari akueleze kila hatua kabla ya kuifanya. Kubalianeni kwamba ukiinua mkono wa kushoto, anasimama. Hii haina gharama, na kwa watu wengi hutosha ikiambatana na ganzi.

2. Sindano ya ganzi. Meno mengi hung'olewa kwa ganzi peke yake. Dawa inayotumika sana ni lignokaini, mara nyingi ikichanganywa na adrenalini ili ganzi idumu na damu ipungue. Moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika chache baada ya sindano. Mara nyingi hiyo ni adrenalini, lakini ukihisi hivyo sema. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi hisia ya kusukumwa na kuvutwa. Ukisikia maumivu makali, inua mkono.

Kwa nini wengine husema ganzi haikushika? Penye usaha mwingi ganzi hufanya kazi kwa shida. Daktari anaweza kuongeza dawa, kuchoma mbali na uvimbe, au kutoa usaha kwanza na kukupangia siku nyingine. Akikwambia urudi baadaye, hajakufukuza.

3. Kidonge cha kutuliza. Daktari anaweza kukuandikia dawa kama diazepamu, umeze kabla ya huduma. Unakuwa macho ila umetulia. Haiondoi maumivu, hivyo ganzi bado utachomwa.

4. Gesi ya kutuliza. Ni naitrasi oksaidi iliyochanganywa na oksijeni, unaivuta kupitia kifaa kinachowekwa puani. Ilianza kutumika kung'olea meno Marekani mwaka 1844. Nguvu yake huisha dakika chache baada ya kuacha kuivuta. Si kila kituo kinayo, kwa hiyo uliza kwanza.

5. Dawa ya kutuliza kupitia mshipa. Inayotumika zaidi ni midazolamu. Unasinzia, unajibu ukiitwa, na baadaye huenda usikumbuke mengi. Inaweza kupunguza kupumua, kwa hiyo itolewe tu penye oksijeni, kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, na mtu aliyefundishwa anayekuangalia wewe muda wote.

6. Nusukaputi. Hapa unalala kabisa, ndani ya chumba cha upasuaji, chini ya mtaalamu wa usingizi. Inafaa kwa upasuaji mkubwa kama uvimbe wa taya au taya iliyovunjika, kwa mtoto mdogo mwenye meno mengi mabovu, na kwa mtu ambaye njia nyingine zimeshindikana. Kwa jino moja la kawaida, hatari na gharama zake mara nyingi huzidi faida.

Hapa Mwanza, anza na kituo chako cha afya. Huko wataangalia kama unahitaji rufaa kwenda Sekou Toure, hospitali ya rufaa ya mkoa, au Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Uliza mapema gharama na kama bima yako inalipia.

Usijitibu hofu

Usinywe gongo wala konyagi ili kujipa ujasiri. Usimeze diazepamu ya jirani. Pombe na dawa hizi zikikutana zinaweza kuzuia kupumua.

Mweleze daktari

- ujauzito au kunyonyesha;
- selimundu, pumu, presha, kisukari, kifafa, au tatizo la moyo au ini;
- kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini;
- dawa zote unazotumia, zikiwemo ARV na za kienyeji. Baadhi ya ARV huongeza sana nguvu ya midazolamu. Usiache ARV, taja jina lake tu. Unaweza kuomba mzungumze faragha;
- kama uliwahi kudhurika na ganzi au nusukaputi.

Siku yenyewe

Kwa ganzi peke yake, kula kwanza. Wengi wanaozimia kwenye kiti wana njaa na hofu kwa pamoja.

Kwa nusukaputi, kwa kawaida utaambiwa usile chochote kwa saa 6 kabla, na maji matupu yakome saa 2 kabla. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Kwa dawa ya mshipa, fuata maelekezo utakayopewa. Kama una kisukari, uliza mapema kuhusu dawa zako.

Ukipewa kidonge, dawa ya mshipa au nusukaputi, njoo na mtu mzima wa kukurudisha na kukaa nawe. Usipande bodaboda peke yako. Kwa saa 24 usiendeshe chombo, usiingie ziwani kuvua, usipike kwenye moto mkubwa, usisaini mkataba, na usibaki peke yako na mtoto mchanga.

Baada ya ganzi, mdomo hubaki mzito kwa muda wa saa 2 hadi 4. Subiri uishe ndipo unywe cha moto. Mwangalie mtoto asijitafune mdomo.

Ukifika mapokezi na maneno yakakugoma, sema haya tu: "Naogopa sana. Naomba nielezwe kabla hamjaanza." Ukishindwa kusema, liandike kwenye karatasi umpe muuguzi.