Jina Likibaki, Kazi Ikigeuka: Liwali, Akida na Jumbe katika Mwambao wa Pangani

Husemwa mara nyingi kwamba watu hukataa mabadiliko kwa sababu wameshikamana na mazoea. Historia ya Pangani inatutaka tuipime upya kauli hiyo. Mhadhara huu unachunguza maneno matatu ya utawala wa Mrima, yaani liwali, akida na jumbe, ili kuonyesha kwamba wanaoongozwa huwa na swali linalotangulia mazoea: huyu anayetuamuru anawajibika kwa nani?

Kabla ya 1888, liwali alimwakilisha Sultani wa Zanzibar mjini, na akida alikuwa kiongozi wa askari. Jumbe alikuwa mkuu wa wenyeji. Cheo chake kilitegemea nasaba, lakini kilidumishwa na karamu na ukarimu mbele ya watu wake. Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao huo na ushuru wa forodha kwa miaka 50. Kwa mujibu wa maandishi ya mkataba, kazi ingefanyika kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Kwa hiyo, katika karatasi, mabadiliko yalikuwa madogo.

Utekelezaji ulikuwa jambo jingine. Mwezi Agosti, Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni mjini Pangani, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alipopinga, askari wa manowari waliteremshwa pwani, na masimulizi ya wakati ule yanataja msikiti ulioingiwa kwa viatu na mbwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alianza kwa kumdhalilisha mwenyeji mbele ya watu wake. Mnamo Septemba, wenyeji walimzuilia Zelewski, na upinzani ukaenea pwani yote. Bushiri bin Salim, aliyeuongoza, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumerithi kumbukumbu ya vita hivyo katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uliotungwa na mtu wa pwani hiyo hiyo.

Serikali ya Ujerumani, iliyoshika utawala moja kwa moja kuanzia 1891, ilijifunza jambo. Haikuyafuta majina ya vyeo, iliyahifadhi. Liwali alibaki liwali, lakini sasa alipokea amri kutoka bomani. Akida aligeuzwa ofisa wa eneo, ambaye mara nyingi hakuwa mwenyeji wa hapo. Jumbe, aliyekuwa akiwapa watu wake, akawa wa kuwadai kodi. Umbo la neno halikuguswa. Kilichogeuka ni uelekeo wa wajibu uliomo ndani yake.

Je, huo ulikuwa uongozi bora wa mabadiliko? Kwa muda, ulileta utulivu. Hata hivyo, vita vya Maji Maji vilipozuka kusini mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa. Jina la zamani linaweza kumtuliza msikilizaji siku ya kwanza, lakini haliwezi kuficha daima kwamba mkataba kati ya kiongozi na watu umevunjwa. Zelewski aliwadharau watu waziwazi. Waliomfuata waliwaheshimu kwa maneno tu.

Suala hili halikuisha na ukoloni. Ukivuka mto Pangani na kuelekea kusini hadi Ushongo, utakuta msamiati mwingine wa utawala: mwenyekiti wa kijiji, anayechaguliwa na wakazi, na mtendaji wa kijiji, anayeajiriwa na halmashauri. Mzizi wa neno la pili ni kutenda, lakini mzizi hautuambii anamtendea nani. Anayeanzisha badiliko lolote, kijijini, chuoni au ofisini, hana budi kulijibu swali hilo hadharani kabla hajachagua jina la cheo.